Reli Iliyokuja na Vita

Jioni hii twapenda kuzungumza nanyi juu ya njia za reli, na juu ya wakuu wa mataifa wanapokutana mezani baada ya vita ili kugawana nchi. Huenda mtu akadhani kwamba mambo haya mawili hayana udugu: gari la moshi ni kazi ya mafundi, na mapatano ni kazi ya wakubwa. Sisi nasi tulidhani hivyo muda mrefu, mpaka siku moja tulipofundishwa na mtoto wa shule.

Chuoni kwetu, tunakofundisha walimu, iko desturi ya kuwapeleka vijana wetu katika shule za vijijini ili wazoee kazi mbele ya watoto hasa, maana kuufundisha ubao mtupu hakumfanyi mtu kuwa mwalimu. Mwaka mmoja zamu yetu ya kuwakagua ilituangukia Kwedizinga, upande wa Handeni. Tulikaa nyuma ya darasa, daftari la alama magotini. Kijana wetu alikuwa akifundisha jiografia, na ramani ya nchi imetundikwa ukutani. Akaonyesha kwa fimbo: hii ni reli ya kati, itokayo Dar es Salaam hata Kigoma, na hii ni ya kaskazini, itokayo Tanga, ikapita Muheza na Korogwe na Mombo, ikaenda Moshi na Arusha. Ndipo mtoto mmoja wa kike akanyosha mkono akasema, "Mwalimu, babu husema reli ilifika Handeni. Mbona hapo haimo?"

Darasa lote likacheka. Kijana wetu, kwa haraka ya kulinda kipindi chake, akamjibu kwamba babu amechanganya Handeni na Korogwe. Mtoto akaketi, ameinama kwa haya. Nasi, tusifiche, tuliandika katika daftari kwamba mwalimu amesahihisha kosa vizuri.

Jioni ile tulipelekwa nyumbani kwa mzee yule kumwamkia. Tulimkuta barazani akipukuchua mahindi. Tukampa shikamoo, akatuitikia, akatupa kigoda, akaendelea na mahindi yake. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Alisema yeye mwenyewe hakuiona reli hiyo kwa macho, kwa kuwa alikuwa hajazaliwa bado. Lakini marehemu baba yake aliisukuma. "Haikuwa na moshi," akasema. "Ilikwenda kwa mikono ya watu." Tuliporudi chuoni tukafungua vitabu vya habari za vita, tukakuta kwamba mzee amesema kweli, na sisi pamoja na kijana wetu ndio tuliokosa.

Basi sikilizeni ilivyokuwa.

Wadachi walianza kutandika reli ya Tanga mwaka wa 1893. Kwanza haikuwa kazi ya Serikali. Ilikuwa ya kampuni, iliyotazamia faida katika mashamba ya kahawa ya Wazungu kule Usambara. Mwaka wa 1896 ikafika Muheza, na hapo fedha zikaisha. Wasikilizaji wanaoijua njia ile watastaajabu, kwa kuwa kutoka Tanga hata Muheza ni kiasi cha maili 25 tu, na kampuni ilikwisha kuchoka! Mwaka wa 1899 Serikali ya Kidachi ikaishika kazi yenyewe. Korogwe ilifikiwa mwaka wa 1902, Mombo mwaka wa 1905, na Moshi mwaka wa 1911. Ni maili 219 kwa muda wa miaka 18.

Itazameni njia hiyo katika ramani, kama mnayo karibu. Ukitoka Tanga, inapanda kufuata bonde la mto Pangani, ambao wengi wa huku huuita Ruvu. Mkono wa kulia ni milima ya Usambara. Mkono wa kushoto, ng'ambo ya mto, ni nchi ya Uzigua. Huko kulia ndiko yalikokuwa mashamba ya kahawa, na bondeni yakaenea mashamba ya mkonge. (Mkonge nao si mmea wa kwetu. Uliletwa mwaka uleule wa 1893 na Dr. Richard Hindorf, ukapandwa Kikogwe karibu na Pangani, na miche iliyofika hai ilikuwa 62 tu. Katika hiyo 62 yakatoka mashamba yote mnayoyaona mkipita Ngombezi na Hale.) Upande wa kushoto, yaani Handeni, hapakuwa na mashamba makubwa ya kigeni ya namna hiyo. Palikuwa na Wazigua, na mahindi yao, na mtama wao. Reli haikumchukia mtu. Ilifuata mali ya wale walioijenga. Hatuna haja ya kutafuta sababu nyingine.

Reli ya kati nayo ilianzwa Dar es Salaam mwaka wa 1905, ikafika Kigoma mwezi wa Februari mwaka wa 1914. Angalieni jambo moja: reli hizi mbili hazikukutana mahali popote. Mtu aliyetaka kupeleka shehena kutoka Korogwe hata Morogoro ilimpasa kuiteremsha Tanga, aipakie melini, aishushe Dar es Salaam, kisha aipakie tena katika mabehewa. Wakati wa amani hilo lilikuwa gharama na usumbufu, wala watu hawakulijali sana. Lakini mwezi wa Agosti mwaka uleule wa 1914 Vita Kuu ikaanza, na manowari za Waingereza zikaifunga bahari. Wadachi walikuwa na reli mbili nzuri, na kati yake nyika tupu isiyo na njia ya gari. Na katikati ya nyika hiyo ndipo ilipo Handeni.

Ndipo Handeni ikapata reli. Mashamba makubwa ya kaskazini yalikuwa na vijireli vyao vya kuchukulia mazao, na juu yake vigari vidogo vya kusukumwa, ambavyo watu wa mkonge huviita matoroli. Wakuu wa jeshi wakaamuru vyuma hivyo ving'olewe mashambani, vikatandikwa tena kutoka Mombo, kuvuka bonde, hata Handeni. Havikuwekewa kichwa cha gari; matoroli yalisukumwa na watu. Kutoka Handeni kwenda kusini, kuelekea reli ya kati, mizigo ilichukuliwa kwa vichwa vya wapagazi. Hivyo risasi na vyakula na dawa vikapita kutoka reli moja hata nyingine.

Basi hiyo ndiyo reli ya babu yake yule mtoto. Na hapa yafaa tutulie kidogo tufikiri. Miaka yote ya amani hapakuonekana fedha wala chuma cha kuifikishia Handeni reli, hata kijireli cha kusukuma. Ilipokuja haja ya risasi, chuma kikapatikana mara moja, na watu wa kukitandika wakapatikana.

Mwezi wa Machi mwaka wa 1916 majeshi ya Waingereza chini ya Jenerali Smuts yaliingia kutoka upande wa Kilimanjaro, yakashuka kufuata reli ya Moshi. Wadachi walirudi nyuma wakivunja madaraja na kuharibu njia. Nyuma ya Waingereza wakaja askari wa Kihindi wa kazi ya reli wakiitengeneza. Katikati ya Juni Korogwe ilitekwa, na siku chache baadaye Handeni. Kutoka hapo jeshi likashika njia ya kusini. Farasi na nyumbu walikufa kwa wingi kwa ndorobo, kama walivyokuwa wamekwisha kufa ng'ombe wengi wa Uzigua, na wanyama walipokufa mzigo ukarudi kichwani pa mtu. Wapagazi waliokufa katika vita ile, wa pande zote mbili, walikuwa makumi ya maelfu, wengi wao kwa maradhi na njaa wala si kwa risasi. Jina la Kariakoo kule Dar es Salaam ni ukumbusho wao, ingawa wengi wanaokwenda kununua nguo pale hawajui. Na nyuma yao, katika nchi walimopita, kulibaki njaa, maana chakula kilikuwa kimechukuliwa, na vijana wa kulima wamechukuliwa pia.

Vita ikaisha mwezi wa Novemba mwaka wa 1918. Sasa twende mezani.

Mwaka wa 1919 mataifa yaliyoshinda yalikutana Ufaransa kufanya mapatano, na kati yao ilikuwamo Ubelgiji. Ubelgiji ni nchi ndogo ya Ulaya. Mtu akiingia kwa gari la moshi asubuhi kwa mpaka mmoja, huenda kabla ya adhuhuri amekwisha kutoka kwa mpaka wa pili. Lakini kwa habari ya reli si nchi ndogo hata kidogo. Reli ya kwanza ya gari la moshi la abiria katika bara la Ulaya, ukiacha Uingereza ambayo ni kisiwa, ilifunguliwa huko mwaka wa 1835, kutoka Brussels hata Mechelen. Katika vita karibu nchi yote ilishikwa na Wadachi, na baada ya vita reli zake nyingi zilikuwa zimeharibiwa na Serikali imejaa madeni. Hata mwaka wa 1926, faranga yao ilipoanguka sana, Serikali ikaitoa reli yake kwa kampuni mpya ya taifa, na wale walioidai Serikali wakapewa hisa za reli badala ya fedha zao. Mambo ya reli na mambo ya utawala yalikuwa kitu kimoja.

Nchi hii ndogo ilikuwa na Kongo, na kutoka Kongo askari wake walivuka mwaka wa 1916 wakateka Kigoma, na mwezi wa Septemba wakaiteka Tabora. Maana yake nini? Maana yake walikalia upande wa magharibi wa reli ya kati. Ndiyo sababu walipofika mezani walikuwa na kitu mkononi. Mwezi wa Mei mwaka wa 1919 Bwana Milner wa Uingereza na Bwana Orts wa Ubelgiji wakapatana: Wabelgiji wapewe Ruanda na Urundi, nao waitoke Tabora na Kigoma. Tena mwaka wa 1921 wakapewa viwanja vyao vya bandari, kimoja Dar es Salaam na kimoja Kigoma, vya kupitishia shehena za Kongo na za Ruanda-Urundi. Kodi yake ilikuwa faranga 1 kwa mwaka. Wenye nyumba mjini watacheka wakisikia kodi hiyo.

Lakini habari iliyotushangaza kuliko zote ni ya Gisaka. Hiyo ni nchi iliyo upande wa mashariki wa Ruanda. Katika mapatano yale Waingereza waliitaka wao, wala si kwa ajili ya watu wake, wala kwa mazao yake. Waliitaka kwa sababu walikuwa na ndoto ya reli ya kutoka Rasi ya Afrika Kusini hata Misri, nao waliona kwamba Gisaka ingefaa kupitishia reli hiyo. Kwa ajili ya njia ambayo hata mti mmoja wa kupimia haujasimikwa, watu wa Gisaka wakatengwa na mfalme wao Musinga na ndugu zao. Mfalme akalalamika, na wamisionari waliokuwako wakaandika barua Ulaya. Mwaka wa 1923 Waingereza wakakubali kuirudisha. Reli yenyewe haikujengwa mpaka leo.

Na huku kwetu? Nchi iliyokuwa ya Wadachi ikapewa jina la Tanganyika mwaka wa 1920, ikawekwa mikononi mwa Waingereza kwa dhamana ya Chama cha Mataifa mwaka wa 1922. Reli ya Tanga ikatengenezwa, magari yakaanza kupita tena Korogwe. Lakini vita ilikuwa imeacha kitu kingine nyuma yake. Mwaka wa 1915 Waingereza, ili walilishe jeshi lao, walianza kutandika njia kutoka stesheni ya Voi katika reli ya Mombasa, kupita Taveta, na mwaka wa 1916 ikaungana na reli yetu pale Kahe, karibu na Moshi. Ilikuwa njia ya vita tu. Baada ya vita ikafanywa njia ya biashara, na tangu hapo Moshi ikawa na milango miwili. Kahawa ya Kilimanjaro iliweza kushuka Tanga, au iliweza kwenda Mombasa. Mombasa palikuwa na bandari ya Kilindini, ambayo tangu mwaka wa 1926 ilikuwa na gati za maji mengi, meli zikafunga pale pale na kupakia. Tanga meli zilitia nanga mbali, na shehena ikachukuliwa kwa matishali. Basi wenye mali walikwenda penye wepesi. Wafanya biashara wa Tanga wakanung'unika, na watu wa reli ya Tanganyika wakanung'unika nao, maana gari lipitalo bure njia yote kutoka Moshi hata Korogwe linakula makaa na kuni sawa na gari lililojaa.

Linganisheni sasa reli mbili za vita. Ile ya Voi, iliyojengwa na washindi kuelekea bandari yao, iliwekwa. Ile ya Handeni, iliyojengwa na walioshindwa kuelekea bara, haikupata wa kuitetea, ikapotea. Hatusemi kwamba kijireli cha kusukuma kingeweza kudumu, hakikuwa imara. Lakini njia iliyokwisha kufyekwa na kusawazishwa ni nusu ya kazi, na hakuna aliyeirithi nusu hiyo. Ilipoingia njaa Handeni katika miaka ya mwanzo ya 1930, reli ya karibu ilikuwa Korogwe, na kutoka Korogwe ni kiasi cha maili 40.

Huenda msikilizaji akauliza: je, Mwafrika hakuulizwa? Hapo mwanzo hakuulizwa. Lakini sikilizeni habari moja ya fahari kwa watu wa upande huu. Mwaka wa 1922 watumishi wa Serikali Waafrika wa Tanga waliunda chama chao, na rais wake wa kwanza alikuwa Bwana Martin Kayamba, Mbondei, aliyesomea Kiungani kule Unguja. Katika miaka ile walowezi wa Kenya walitaka Kenya, Uganda na Tanganyika ziunganishwe chini ya utawala mmoja, na reli moja, na posta moja. Tume ya Bwana Hilton Young ilitoa taarifa yake mwaka wa 1929, na mwaka wa 1931 kamati ya Bunge la Uingereza ikataka kusikia mashahidi. Kutoka Tanganyika wakapelekwa Waafrika watatu mpaka London: Chifu Makwaia wa Usiha, Bwana Francis Lwamugira wa Bukoba, na Bwana Kayamba wa Tanga. Watu watatu kwa nchi nzima ni wachache mno. Lakini walikaa mbele ya mabwana wale wakajibu maswali yao. Kamati ikaamua kwamba wakati wa kuziunganisha nchi hizi haujafika. Bwana Kayamba aliandika pia habari za maisha yake, zikapigwa chapa mwaka wa 1936 katika kitabu kimoja cha Kiingereza chenye habari za Waafrika kumi. Twawasihi walimu wakitafute.

Kisha ikaja Vita Kuu ya pili, na baada yake meza nyingine. Tarehe 1 Mei mwaka wa 1948 reli ya Tanganyika ikaunganishwa na reli ya Kenya na Uganda kuwa shirika moja la reli na bandari la Afrika Mashariki, na makao yake makuu Nairobi. Lile lililokataliwa mwaka wa 1931 kwa jina la siasa likaingia kwa mlango wa reli. Hatutaki kusema kwamba lilikuwa baya lote. Magari yaliweza kusaidiana, na mafundi wetu wengi walijifunza kazi Nairobi. Lakini tangu siku ile, aliyetaka njia mpya katika Uzigua ilimpasa kuiombea mbali zaidi.

Tena katika miaka ileile Serikali ya Uingereza, kwa kuwa watu wake walikosa mafuta ya kupikia, ilianzisha shamba kubwa la karanga, na kwa ajili yake ikajengwa reli kusini, upande wa Lindi na Nachingwea na Mtwara. Karanga hazikukubali. Mapema katika miaka ya 1960 reli ile ikafungwa na vyuma vyake vikang'olewa. Kwa mara nyingine nchi yetu iliona reli ikija na kuondoka kwa haja ya watu wengine.

Na zile reli mbili zisizoshikana? Ziliunganishwa mwaka wa 1963, miaka miwili tu baada ya Uhuru. Njia ikatandikwa kutoka Ruvu katika reli ya kati, ikapanda kaskazini zaidi ya maili 110, ikaikuta reli ya Tanga karibu na Mnyusi, hapa hapa Korogwe. Pengo ambalo mwaka wa 1916 lilizibwa kwa mikono ya watu na vichwa vya wapagazi likazibwa kwa chuma cha kudumu. Tungependa kuwaambia kwamba ilipita Handeni mjini, lakini sivyo. Ilipita mbali kidogo upande wa mashariki, kwa kuwa huko nchi ni tambarare na safari ni fupi. Faida yake ilionekana hasa mwaka wa 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, mpaka ukafungwa, na magari ya kwenda Voi yakakoma. Kama si njia ya Mnyusi, reli ya Tanga ingebaki kisiwa, kama alivyoiacha Mdachi.

Baadaye njia yenyewe ya kaskazini ikachakaa. Kwa miaka mingi hapakuwa na gari la abiria Korogwe, majani yakaota kati ya mataruma, na mbuzi wakalala katika kivuli cha stesheni. Mwaka wa 2019 magari ya mizigo yakaanza tena kwenda Moshi, na mwezi wa Desemba abiria wa Dar es Salaam wakasafiri kwa njia ya Ruvu na Mnyusi. Mwaka wa 2020 wakafika Arusha. Siku zile mkulima mmoja wa Kwedizinga, ambaye hupeleka mahindi yake Korogwe kwa lori, alituuliza kama sasa nauli itashuka. Tulimwambia kwamba lori lake halikubadilika, na barabara ya kwenda stesheni haikufupishwa. Akatikisa kichwa akasema, "Basi hiyo ni reli ya wapitao." Hatukuona jibu la kumpa.

Tunarudi kwa yule mtoto. Juma lililofuata tulikwenda Kwedizinga mara ya pili, na kijana wetu pamoja nasi, kitabu mkononi. Alisimama mbele ya darasa lile lile akasema, "Juma lililopita nilisema kwamba babu yake mwenzenu amekosea. Aliyekosea ni mimi." Watoto hawakucheka. Akamwita yule mtoto mbele, akampa kalamu ya risasi, na mtoto akachora katika ramani ya shule mstari wa vitone kutoka Mombo hata Handeni, na kando yake akaandika 1916. Mstari ulikwenda upande kidogo, lakini tuliuacha kama ulivyo. Nasi katika daftari letu tukaifuta alama ya kwanza tukaandika nyingine.